Postikadi za Unguja na Majina Yasiyoandikwa

Wakusanyaji wengi wa postikadi kongwe hutazama picha kwanza, kisha bei. Mimi, baada ya miaka mingi ya kukusanya kadi za mji wa Unguja, nimejifunza kuuliza majina.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wenye asili ya Goa, akiwamo A. C. Gomes, waliwauzia wasafiri picha za mji huo. Jengo lililopendwa mno ni Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Jengo hilo humfundisha mkusanyaji kusoma tarehe isiyoandikwa. Ukiona mnara wa taa ungali mzima, umesimama peke yake mbele ya jengo, picha ilipigwa kabla ya Agosti 27, 1896, siku ambayo manowari za Uingereza zilishambulia kasri kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Ukiona mnara wa saa umeshikamana na uso wa jengo, picha ni ya baada ya matengenezo yaliyofuata. Muhuri wa posta hautoshi, kwani hueleza siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa.

Disemba 25, 2020, sehemu ya mbele ya jengo hilo iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo kadi hizo si mapambo tena, ni mashahidi.

Lakini mashahidi hao ni mabubu kwa Kiswahili. Maelezo ya chini ya picha kwa kawaida ni ya Kiingereza au Kijerumani, yakimlenga mnunuzi wa mbali. Kasri hupewa jina. Mtaa wa watu wa kawaida huambiwa tu kuwa ni wa wenyeji.

Wakati huohuo, majina yetu yanahifadhi kile ambacho macho hayakioni tena. Palikuwa na hori lililotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya upande wa mashariki. Hori lilifukiwa hatua kwa hatua, daraja likatoweka, lakini soko bado liko Darajani, na upande wa pili ungali Ng'ambo. Kijana wa leo hutamka majina hayo bila kuona maji. Postikadi ya hori humwonyesha maji. Jina humwambia watu walivyoyaita. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja kadi ya aina hiyo. Aliigusa kwa kidole, akataja vichochoro na vituo vya kuvukia ambavyo sikupata kuvisikia. Sikuwa na daftari. Nilikusudia kurudi, niliporudi, nilikuta matanga yamekwisha anuliwa. Miaka yote niliwaasa wanafunzi wangu waandike wanayoyasikia, nami nikashindwa na somo langu mwenyewe.

Kwa hiyo, mwenzangu mpenda lugha, ukipata kadi ya mji wowote wetu, usiifungie kabatini. Ipeleke kwa mzee, umuulize: hapa paliitwaje? Jibu liandike kwenye karatasi, uihifadhi pamoja na kadi. Jengo likianguka, huenda likajengwa upya kwa kufuata picha. Jina likizikwa na mwenyewe, hatuna picha ya kulifuata.