Uundaji wa Kidijitali na Ngao ya Uso

Uundaji wa kidijitali ni kutengeneza kitu kwa mashine inayofuata mchoro wa kompyuta. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19, Machi 13, 2020, vifaa vya kujikinga vilikuwa vikigombaniwa duniani kote. Mwezi huohuo kampuni ya Prusa ya Jamhuri ya Cheki ilitoa bure mchoro wa ngao ya uso: fremu ya plastiki ya kuvaa kichwani, yenye karatasi angavu mbele. Jijini Kisumu, watu wa kampuni ya Kijenzi, ambao walishazoea kuchapa vipuri vya hospitali, nao walitengeneza ngao. Shehena zilikwama, lakini mchoro ulisafiri.

Wengi huita kazi hii uchapishaji wa 3D. Hilo ni tawi lake moja tu. Mchongaji wa Tabaka, kaunti ya Kisii, hupunguza jiwe la sabuni mpaka umbo lijitokeze. Printa ya 3D hufanya kinyume: huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga safu juu ya safu. Mashine ya leza nayo hukata karatasi angavu ya ngao kwa kufuata mchoro wa kompyuta. “Kuchapa” hakuwezi kubeba kazi zote hizi. “Kuunda”, kitenzi cha mafundi wa majahazi, kunazibeba: kuongeza, kupunguza na kuunganisha.

Istilahi “uundaji wa kidijitali” isifiche mipaka ya kazi yenyewe. Fremu moja huweza kuchukua saa nzima au zaidi kuchapwa. Plastiki ya PLA hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, ilhali kutakasa kwa mvuke hospitalini hufikia nyuzi 121. Kwa hiyo fremu ya plastiki hiyo husafishwa kwa dawa. Nyufa ndogo kati ya safu huweza kuficha vijidudu. Tena ngao huzuia matone, haichukui nafasi ya barakoa.

Ndiyo maana jina pana lina faida kwa hospitali, kama zile za rufaa za Kisii na Nyamira. Mpango wa dharura ukiandikwa “printa”, kitanunuliwa chombo kimoja. Ukiandikwa “uundaji wa kidijitali”, utalazimika kutaja pia michoro iliyokaguliwa, malighafi, umeme wa uhakika, fundi, na mhudumu wa afya atakayeijaribu ngao kabla haijafika wodini.