Van Dijk, Van Dyck, Van Dyke

Mashabiki wa soka wanamjua Virgil van Dijk, beki Mholanzi. Jina hilo la ukoo, maana yake mtu wa kutoka kwenye tuta la kuzuia maji, hutamkwa karibu na "fan deik". Mchoraji Anthony, aliyezaliwa Antwerp mwaka 1599, huandikwa van Dyck. Afrika Kusini utakuta Van Dyk, kwani Kiafrikana kimeweka y mahali pa ij. Mwigizaji Mmarekani Dick ni Van Dyke. Zamani makarani waliandika majina walivyoyasikia, hivyo tahajia zikatofautiana. Mwaka 1811 Napoleon aliamuru Waholanzi waandikishe majina ya ukoo, na tahajia zikaganda. Waandishi wa michezo wakumbuke: Virgil van Dijk, v ndogo; jina la ukoo likisimama peke yake, Van Dijk, V kubwa.