Mizani ya Pamba na Mizani ya Umeme

Mwamanyili, kata ya wilaya ya Busega ambayo hadi 2012 ilihesabiwa ndani ya Magu na mkoa wa Mwanza, na tangu hapo imekuwa ya Simiyu, imo katika nchi ya Wasukuma, nchi iliyoijua biashara ya jumla na hila zake zamani kabla ya kuijua taa ya umeme. Bidhaa yake ilikuwa pamba. Mkulima wa zama za ukoloni aliyepeleka mzigo wake kwa mnunuzi alimkuta mnunuzi huyo ndiye mwenye fedha, ndiye mwenye ghala, na, jambo zito kuliko yote, ndiye mwenye mizani. Na maadamu bei ilitangazwa na serikali na kila mtu aliisikia, dhuluma haikupata nafasi katika bei, ikahamia katika uzito, ambao mkulima asiyejua kusoma hakuweza kuubishia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wasimame kando ya mizani hizo, na katika harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vikakua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Wako wanaoukumbuka ushirika kwa siasa zake na majengo yake. Mimi naona jambo lake la kwanza na lililo bora lilikuwa mtu yule asiyelipwa na mnunuzi, aliyesimama akasoma kipimo kwa sauti.

Umeme wa Tanganyika haukumpata mtu wa namna hiyo. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908. Mwaka 1931 kazi ikawekwa mikononi mwa kampuni mbili, DARESCO iliyotia nuru miji kwa mitambo ya dizeli, na TANESCO iliyoanzia Tanga na maji ya mto Pangani kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Serikali ilinunua hisa zao mwaka 1964, na kufikia 1968 zilikuwa shirika moja, TANESCO. Miji mingi kwa muda mrefu ilikuwa kila mmoja na mitambo yake na waya zake, isiyoweza kukopa hata uniti moja kwa jirani; Mwanza nayo iliishi hivyo hadi njia ya kilovolti 220, ikitoka Iringa na kupita Dodoma, Singida na Shinyanga, ilipoifikia katika miaka ya 1980.

Gridi ya namna hiyo, iliyo ndogo na iliyojitenga, ndiyo inayowatatiza wahandisi na wanauchumi wanaotaka kuitengenezea soko. Tuchukue mji unaohitaji megawati 10 saa za magharibi, nao una mitambo mitatu ya megawati 4 kila mmoja, ya matajiri watatu mbalimbali. Jumla ni 12, na mpita njia atasema kuna ziada, basi kuna ushindani. Lakini mwondoe mmoja yeyote, zinabaki 8, na sehemu ya mji inaingia gizani. Kwa hiyo kila mmoja wa watatu hao anafahamu kwamba pasipo yeye mji hautoshelezwi, na mwenye kufahamu hivyo hutaja bei kwa kadiri ya hofu ya mnunuzi wala si kwa kadiri ya gharama yake. Hata Uingereza na Wales, zilipofungua soko lao la jumla mwaka 1990 katika gridi kubwa mno, ziliona kampuni mbili, National Power na PowerGen, zikiweza kuipandisha bei zitakavyo.

Dawa iliyo karibu na insafu ni kuwashindanisha wauzaji kabla ya mtambo kujengwa, wagombee mkataba wa miaka mingi, badala ya kuwaacha wagombee kila saa wakati mji umekwisha kuwa mateka wao. Tanzania ililikaribia jambo hilo kwa hatua. Sera ya nishati ya 1992 iliwaruhusu watu binafsi kuzalisha, na matunda yake ya awali, mkataba wa kampuni binafsi ya IPTL wa 1995, yaliliachia taifa kesi nyingi kuliko nuru. Uangalifu ulikuja mwaka 2009, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilipoweka bei za wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10 kwa madaftari mawili: moja la gridi ya taifa, jingine, lenye bei ya juu zaidi, la gridi zilizojitenga, kwa kuwa huko uniti ya mzalishaji iliokoa dizeli. Mwaka 2015 umeme wa jua na wa upepo ukaamriwa upatikane kwa zabuni.

Ng'ambo ya Ghuba ya Speke ukitoka Busega, kisiwani Ukara, kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kuuza umeme wa jua ikiwa peke yake, kwa bei iliyo mbali na ya bara, hata serikali ikaagiza mwaka 2020 wauzaji wa aina hiyo washuke hadi shilingi 100 kwa uniti. Bei ya mwenye mtambo iliondolewa, ikawekwa bei ya amri. Soko halikuwapo kabla wala baada.

Wala ushindani peke yake si dawa: katika pamba ya Usukumani wingi wa wanunuzi haukutosha. Pamba ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990 walikuja wengi, wakagombea kilo, na ubora ukashuka kwa kuwa mkaguzi hakuwa na nguvu.

Ramani ya mageuzi ya umeme ya 2014 iliahidi kuutenga uzalishaji kwanza, usambazaji baadaye, na ushindani mwisho, ifikapo Juni 2025. Tarehe hiyo ilifika TANESCO ikiwa bado moja, inazalisha, inanunua na kusafirisha, tena ikiendesha bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kwa rai yangu ramani ile ilishika ncha isiyo yake: kazi ya kwanza ingekuwa kukitoa kituo cha kuongozea gridi pale Ubungo, Dar es Salaam, ambacho ndicho mizani ya umeme, mikononi mwa mwenye mitambo, kikapewa mtu asiyezalisha wala kununua hata uniti moja.