Fahamu Utaratibu wa Kutafuta Dhahabu kwa Detekta na Kurekodi Video Maeneo ya Madini

Na Mwandishi Wetu

Katika miaka ya karibuni, video za watu wanaotafuta dhahabu kwa kutumia kifaa cha kutambua metali, ambacho wachimbaji wengi hukiita detekta, zimekuwa miongoni mwa maudhui yanayotazamwa sana kwenye mitandao ya kijamii. Mtazamaji humwona mtu akipitisha sahani ya kifaa juu ya ardhi, mlio unasikika, jembe linapigwa mara chache, na kipande cha dhahabu kinawekwa kiganjani. Yote hayo huchukua dakika mbili au tatu.

Yasiyoonekana katika dakika hizo ni mengi: ni nani mwenye leseni ya eneo hilo, shamba linalochimbwa ni la nani, dhahabu iliyopatikana imeuzwa wapi, na nini kilitokea kijijini hapo baada ya video kusambaa. Makala haya yanaeleza masuala ambayo mwananchi wa Tanzania Bara anapaswa kuyafahamu kabla ya kwenda porini na detekta mkono mmoja na simu ya kurekodia mkono mwingine.

Madini ni mali ya nani?

Sheria ya Madini, Sura ya 123, inatamka kuwa madini yote yaliyomo ardhini ni mali ya umma, na yapo chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Msingi huo ulitiliwa nguvu mwaka 2017 kwa Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili pamoja na marekebisho ya Sheria ya Madini yaliyoanzisha Tume ya Madini.

Kwa sababu hiyo, mtu kumiliki shamba hakumpi haki ya madini yaliyo chini ya shamba hilo. Vivyo hivyo, mtu kuokota kipande cha dhahabu juu ya ardhi hakumfanyi kuwa mmiliki halali wa kipande hicho. Sheria inakataza mtu yeyote kutafuta au kuchimba madini bila kuwa na haki ya madini, yaani leseni inayotolewa kwa mujibu wa Sheria. Kupitisha detekta kwa lengo la kupata dhahabu ni kutafuta madini, hata kama anayefanya hivyo anasema yupo matembezini au anatengeneza video tu.

Leseni inayomhusu mchimbaji mdogo

Kwa mwananchi wa kawaida, njia iliyo wazi ni Leseni ya Uchimbaji Mdogo wa Madini, inayojulikana kwa kifupi cha PML. Leseni hii hutolewa kwa Watanzania pekee, ikiwa ni kwa mtu mmoja, kikundi, ushirika au kampuni inayomilikiwa na Watanzania. Hudumu kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kwa madini kama dhahabu, eneo la leseni moja halizidi hekta 10. Maombi hupokewa na Tume ya Madini kupitia mfumo wake wa kielektroniki, na Ofisi za Afisa Madini Mkazi wa Mkoa hutoa maelekezo kwa waombaji.

Asiye na leseni yake bado anaweza kufanya kazi kihalali kwa kuafikiana na mmiliki wa leseni. Inashauriwa makubaliano hayo yawe ya maandishi na yaeleze mambo matatu: mipaka ya eneo atakalopita, mgawanyo wa dhahabu itakayopatikana, na ruhusa ya kurekodi video. Migogoro mingi kati ya wenye maduara na wenye detekta huanza pale kipande kikubwa kinapopatikana wakati makubaliano yalikuwa ya mdomo tu.

Mmiliki wa leseni naye hana uhuru wa kuingia popote. Sheria inamtaka apate ridhaa kabla ya kufanya kazi katika maeneo ya makaburi, karibu na makazi ya watu na katika mashamba yaliyolimwa. Mwenye ardhi anayeharibiwa mazao anastahili kulipwa fidia. Kufika kwa mwenyekiti wa kijiji na kujitambulisha kabla ya kuanza kazi ni jambo la busara linalozuia tafrani nyingi.

Maeneo yasiyoguswa

Hifadhi za Taifa, mapori ya akiba na misitu ya hifadhi yana sheria zake. Kuingia huko na detekta bila idhini ya mamlaka husika ni kosa linalojitegemea, tofauti na kosa la kutafuta madini bila leseni. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa hakukuta uzio wala bango, basi yupo huru.

Eneo jingine ni la mambo ya kale. Zipo simulizi nyingi nchini kuhusu mali zilizofukiwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na simulizi hizo zimewavuta watu kuchimba pembezoni mwa maboma ya zamani, chini ya mibuyu na kwenye makaburi. Chimbuko moja la simulizi hizo ni la kweli: mwaka 1916, Serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilifua mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke uliopo katika Mkoa wa Singida wa leo. Hata hivyo, kuwapo kwa sarafu hizo hakuthibitishi kwamba zimefukiwa chini ya kila boma.

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza maeneo na vitu vingine kuwa vya kulindwa. Kuchimbua vitu hivyo kunahitaji leseni, na anayevigundua kwa bahati anapaswa kutoa taarifa. Kwa upande wa usalama, detekta haitofautishi sarafu na risasi au kombora la zamani ambalo halikulipuka. Mtu akikuta chuma chenye umbo la silaha asikiguse wala kukigonga. Aweke alama kwa mbali, aondoke na atoe taarifa Polisi.

Detekta inafanyaje kazi?

Detekta hupitisha umeme kwenye waya uliozungushwa ndani ya sahani yake na hivyo kutengeneza uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikutana na metali, huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali hiyo, nao hurudisha ishara inayosikika kama mlio. Kifaa hakitambui dhahabu peke yake. Msumari, kifuniko cha soda na ganda la risasi vyote hulia.

Katika maeneo mengi ya dhahabu nchini, udongo mwekundu na mawe yenye chuma nyingi hukipigisha kelele kifaa hata pasipokuwa na kitu. Ndiyo maana mtumiaji hulazimika kukirekebisha kulingana na udongo wa mahali alipo. Aidha, kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyopaswa kuwa karibu na uso wa ardhi ili kisikike. Dhahabu iliyo katika chembe ndogo ndani ya mwamba, ambayo ndiyo huchimbwa katika maduara mengi, kwa kawaida haisikiki kabisa. Detekta hufaa zaidi mahali penye vipande vya dhahabu vilivyosombwa na maji au kubaki kwenye udongo wa juu, kama vile katika uwanda wa Lupa wilayani Chunya, unaojulikana kwa dhahabu ya aina hiyo tangu miaka ya 1920.

Mwananchi anayefikiria kuuza ng'ombe au kukopa fedha ili anunue detekta, kwa kuwa ameona video, ayapime maelezo hayo kwanza. Video huonyesha siku kifaa kilipolia na dhahabu ikatoka. Siku nyingi za kuchimbua misumari huachwa nje.

Kurekodi kwa usahihi na uaminifu

Kwa anayerekodi kihalali, yapo mambo ya kiufundi yanayofanya video yake iaminike na kuwa na manufaa kwa wenzake.

Kwanza, simu iwekwe mbali na sahani ya detekta, kwa kuwa simu huingilia mawimbi ya kifaa. Kamera ya kuvaliwa kifuani, au mwenzake anayerekodi akiwa hatua kadhaa kando, hufaa zaidi.

Pili, tukio lirekodiwe bila kukatwa kuanzia mlio wa kwanza hadi kipande kinapotoka ardhini. Picha iliyokatwa katikati huacha swali kama kipande hicho kilipandikizwa.

Tatu, kipande kipimwe kwenye mizani mbele ya kamera, au kiwekwe kando ya sarafu ili mtazamaji ajue ukubwa wake.

Nne, mtengenezaji asitangaze kuwa ni dhahabu kabla ya kuthibitisha. Dhahabu ni nzito sana, takribani mara 19 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, na ikigongwa hubonyea. Pairiti, ambayo huwadanganya wengi kwa mng'ao wake, ina uzito wa takribani mara 5 tu ya maji, na ikigongwa huvunjika.

Tano, shimo lifukiwe, na kufukiwa huko kuonekane kwenye video. Shimo lililoachwa wazi huvunja mguu wa ng'ombe na, mvua zikinyesha, huwa hatari kwa watoto.

Hatari ya kutaja mahali

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni kutaja mahali. Taarifa ya kupatikana kwa dhahabu inapoenea, mamia ya watu huweza kufika kijiji kimoja ndani ya siku chache, hali ambayo katika sekta ya madini huitwa mfumuko. Mashamba huchimbwa kabla ya mavuno, mashimo huchimbwa bila kuimarishwa kwa magogo, maji ya kijiji huchafuka, na watu huishi bila vyoo. Katika mazingira hayo, kifusi kikiporomoka hakuna hata orodha ya majina ya waliokuwa chini.

Mtengenezaji wa video anaweza kupunguza hatari hiyo. Azime kipengele cha simu kinachohifadhi mahali picha ilipopigwa. Asionyeshe vibao vya shule au zahanati, wala milima inayotambulika kwa urahisi. Asirushe matangazo ya moja kwa moja akiwa eneo la kazi. Asubiri hadi kazi iishe na mmiliki wa leseni aridhie. Tahadhari hiyo inamlinda hata yeye mwenyewe, kwani anayetangaza kuwa yupo porini na dhahabu mfukoni anajiweka katika hatari ya kuvamiwa.

Vibali na haki za wanaorekodiwa

Filamu au makala ya picha inayotayarishwa kwa ajili ya kuonyeshwa kwa umma inasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na maelekezo kuhusu vibali hutolewa na Bodi ya Filamu. Maudhui ya mtandaoni yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo pamoja na mambo mengine zinakataza maudhui ya uongo na upotoshaji. Matumizi ya ndege nyuki yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Wachimbaji wanaoonekana katika video wana haki ya kuulizwa kabla ya kurekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazingatia faragha ya mtu, na sura na sauti vinaweza kumtambulisha mtu. Kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuwatumikisha katika kazi za hatari, zikiwemo za machimboni. Anayemkuta mtoto akifanya kazi hiyo asimfanye kuwa kivutio cha video; atoe taarifa kwa Ofisi ya Ustawi wa Jamii au uongozi wa kijiji.

Dhahabu iuzwe wapi?

Dhahabu iliyopatikana kihalali huuzwa katika masoko ya madini na vituo vya ununuzi vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 2019, soko la kwanza likiwa la Geita. Katika mwaka huohuo, Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ili mchimbaji asiwe na sababu ya kuuza kwa kificho. Marekebisho ya Sheria ya mwaka 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6 ya thamani yake. Viwango vinavyotumika sasa, pamoja na unafuu kwa dhahabu inayosafishwa nchini, hutolewa na Tume ya Madini.

Kuuza dhahabu kupitia mawasiliano yaliyowekwa chini ya video ni kinyume cha Sheria. Ni njia inayotumiwa pia na matapeli wanaoonyesha dhahabu halisi kwenye picha na kukabidhi shaba.

Mwananchi anayehitaji ufafanuzi anashauriwa kufika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi iliyo karibu naye kabla hajaingia gharama yoyote. Aulize kwanza kama eneo analolikusudia lina leseni, na ni ya nani. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama video yake itakuwa kumbukumbu ya kazi halali au ushahidi dhidi yake mwenyewe.