Wagika, Wagalu na Meza ya Majaji



Pamba imekwisha kupelekwa mizani, mtama umeingia ghalani, na kila jioni tunasikia ngoma zikilia ng'ambo ya mto. Huu ndio msimu ambao nchi yetu ya Usukuma imeujua tangu zamani kuwa msimu wa mbina. Juma lililopita vijana wa vigango walitujia na maswali mawili: kama mwaka huu parokia itaandaa tena mashindano ya ngoma na maigizo, na zawadi ya mshindi itakuwa nini. La kwanza tulilijibu papo hapo. La pili limetukalisha kitako, kwa maana tunalo deni la zamani katika jambo hilo la zawadi, nalo tutalisema mbele kidogo. Kwanza tunaomba mturuhusu tutembee katika historia, kwa sababu suala la nani ashinde, na nani mwenye haki ya kusema ameshinda, halikuzaliwa katika uwanja wa parokia yetu.

Wazee husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwapo watu wawili, Ngika na Gumha, waganga na mafundi wa ngoma, walioshindana nani kati yao ana dawa yenye nguvu zaidi. Ubishi wao uliamuliwa uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Wagika na wale wa Gumha wakaitwa Wagalu, na tangu hapo vikundi vya ngoma vya Usukuma, karibu vyote, vimejihesabu upande mmoja au mwingine, hata kama kila kikundi kina mchezo wake: wenye majembe, wenye nungunungu, wenye nyoka. Wanyantuzu wa huku Bariadi, watu wa Itilima, wa Maswa na wa Meatu, wote wameirithi migawanyo hiyo miwili kama mtu anavyorithi jina la babu.

Lililo muhimu kwetu leo ni namna ushindi ulivyopatikana. Vikundi viwili viliingia uwanja mmoja, vikasimama mbali kidogo, vikaanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakukuwa na meza, wala karatasi ya alama, wala mtu aliyepuliza filimbi. Watazamaji walikwenda wanakotaka. Aliyechoshwa na Wagalu aliwaendea Wagika. Aliyesikia kicheko upande wa pili aligeuka akakimbilia huko. Mwisho wa siku, au wa siku kadhaa, kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda, na kila mtu aliliona hilo kwa macho yake. Miguu ya watu ndiyo iliyopiga kura.

Utaratibu huo uliumba jumuiya ya wasanii wa namna yake. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hakuweza kuimba jambo lisilowagusa watu, kwa sababu wangeondoka palepale. Alilazimika kujua nani ameoa, nani amefilisika, jumbe gani amekula kodi, kikundi cha pili kina aibu gani. Na kwa kuwa umati huvutwa na kipya, kila msimu ulidai uvumbuzi. Ndipo walipotokea chatu wakiviringishwa shingoni mwa wachezaji, na sanamu za mbao zenye mikono na miguu ya kuchezeshwa, ambazo leo watu huzitazama kwa heshima katika makumbusho ilhali ziliundwa ili kumnyang'anya jirani watazamaji wake. Tukisema hapa kuna tamthilia kamili, yenye wahusika, vifaa, kejeli na hadhira inayojibu, hatudhani tunatia chumvi.

Hata hivyo tusiupake rangi nzuri kupita kiasi. Umati si hakimu mtakatifu. Umati hupenda nyoka kuliko shairi, na matusi kuliko hekima. Zaidi ya hayo kulikuwa na samba, dawa ya kuvutia watu, ambayo kila kikundi kiliitafuta na kila kikundi kiliituhumu kwa mwenzake. Aliyeshindwa hakusema daima, "Wenzetu wamecheza vizuri". Mara nyingi alisema ameloga fulani. Wamisionari wa kwanza walipoiona mbina, waliiona dawa kabla hawajaiona sanaa, na wakawakataza Wakristo. Hatuwezi kuwacheka. Lakini wao nao walikuwa wahakiki, tena wahakiki wakali, na hukumu yao ilikuwa na matokeo: kwa miaka mingi mkatoliki mwenye kipaji cha uningi alipaswa kuchagua kati ya uwanja na kanisa. Tunamkumbuka Mikali binti Sauli, aliyechungulia dirishani akamwona Daudi akicheza mbele ya Sanduku la Agano, akamdharau moyoni mwake. Dirisha si mahali pazuri pa kuihukumia ngoma.

Aliyetoka dirishani ni Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Miaka ya 1950, pale Bujora karibu na Kisesa, umbali mfupi kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, alianza kukusanya vitu vya watemi, vya waganga na vya wacheza ngoma, kazi iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968. Alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na altare kwa mfano wa kiti cha enzi cha mtemi. Katika sherehe ya Ekaristi Takatifu, mwezi wa Juni, maandamano yalipambwa kwa maua, na kutokana na maua hayo sikukuu ikaitwa Bulabo. Baada ya maandamano, Wagika na Wagalu waliingia uwanjani. Padre Clement alifariki mwaka 1986, lakini Bulabo haikuzikwa naye, na hata leo wapo wana Bariadi wanaopanda basi kupitia Lamadi na Magu ili wasiikose.

Tunatamani msomaji atazame kwa makini alichofanya padre huyu. Hakuanza kwa kuwapa wachezaji kikombe. Aliwapa mahali, aliwapa siku katika kalenda ya Kanisa, na katika makumbusho aliwajengea jengo lao, ambamo Wagika na Wagalu wote wawili wana sehemu. Huko ni kutambuliwa kusikomwacha mmoja nje. Wakati huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulikuwa unafundisha kwamba muziki wa watu katika nchi za misioni upewe heshima inayostahili.

Taifa nalo lilikuwa na jicho lake. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba waliosoma walijua rumba na walizi lakini hawakujua ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa miaka hiyo ya 1960, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Ngoma yetu ya bugobogobo ikawa miongoni mwa ngoma zilizopendwa sana na vikundi hivyo vya majukwaani. Ilikuwa heshima kubwa kwa Usukuma. Ilikuwa pia mabadiliko makubwa. Shambani, bugobogobo ilikuwa kazi: vijana wa elika, chini ya nsumba ntale wao, walilima shamba la mtu kwa mstari mmoja, ngoma ikilia mbele yao, majembe yakirushwa juu na kudakwa, na jioni palikuwa na tuta zilizolimwa. Jukwaani palikuwa na dakika chache, watazamaji wa upande mmoja tu, na majembe yasiyogusa udongo. Wachezaji waliokuwa wakizungukwa na watu walijifunza kumtazama mtu aliyeketi mbele.

Kuhusu miaka ya 1990 tutapita haraka, maana wengi mnaikumbuka: Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa ulezi wa CCM chini ya Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe, wakipambana katika kumbi za Dar es Salaam kwa maigizo, ngoma, kwaya na hasa mipasho ya taarab, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili. Wengine walidhani ni jambo geni la mjini. Msukuma aliyeyasikia hayo redioni aliyatambua mara moja, kama ambavyo mzee wa pwani angelikumbuka beni ya babu zake, na mapambano ya Marini na Arinoti.

Mkoa wetu wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 kutokana na wilaya zilizokuwa za Shinyanga na sehemu ya Mwanza, ulihitaji sikukuu zake. Katika Simiyu Jambo Festival ya mwaka 2019 hapa Bariadi, Wagika na Wagalu walicheza sambamba na mbio za baiskeli, kukiwa na wageni wa heshima, wafadhili na zawadi. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifika Kisesa katika tamasha la machifu akapewa jina la Hangaya. Hayo yote yanafurahisha, na vikundi vilipata nauli, sare na majina yao kusomwa kwenye kipaza sauti. Lakini mwenye kusikiliza maneno ya nyimbo ataona kwamba mgeni rasmi anapokuwa ndiye mtazamaji mkuu, kejeli hupungua na sifa huongezeka. Ningi si mjinga. Anajua umati wake ni nani siku hiyo.

Ipo namna nyingine ya kutazamwa ambayo tunaiheshimu zaidi, nayo ni ya mtu anayekaa na kuandika. Mwaka 2000 Frank Gunderson na Gregory Barz walihariri kitabu kuhusu mashindano ya muziki Afrika Mashariki, na mwaka 2010 Gunderson akatoa kitabu kizima cha nyimbo za kazi za Wasukuma pamoja na habari za watunzi wake. Wakulima ambao hawakupata kikombe hata kimoja wamebaki humo kwa majina yao. Wakati huohuo, katika simu za vijana wetu, umati wa zamani umerudi kwa sura mpya: waimbaji wa nyimbo za asili za Kisukuma huhesabiwa ushindi wao kwa idadi ya waliotazama kwenye YouTube, na miguu imegeuka kuwa vidole.

Sasa tulipe deni. Miaka michache iliyopita tuliandaa mashindano ya maigizo ya vijana wa vigango, na sisi wenyewe tukakaa kwenye meza ya majaji pamoja na wawili wengine, tukiwa na daftari lenye mistari: mavazi, sauti, muda, ujumbe. Zawadi ilikuwa ng'ombe dume. Kikundi kutoka kigango cha mbali kilileta igizo la mkulima aliyekopa mbegu na dawa za pamba akauza mavuno kabla ya kuvuna. Walicheza kwa Kisukuma, wakaingia katikati ya watu, wakamshika mkono mama mmoja aliyekuwa akitazama wakamfanya mizani. Watu waliacha viti vyao. Walicheka hadi machozi, na wapo waliolia kweli, maana waliijua habari ile. Sisi tuliandika: muda umezidi, hakuna maneno ya Maandiko, mavazi ya kawaida. Dume likaenda kwa kikundi cha mjini kilichokuwa na kanzu zilizopigwa pasi na mwana mpotevu aliyerudi kwa wakati.

Mwaka uliofuata kile kigango kilirudi na kanzu. Igizo lao lilikuwa lilelile la wenzao walioshinda, kwa Kiswahili cha kukariri, na walicheza wakiitazama meza yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Tuliwapa alama nyingi. Watazamaji walikwenda kununua miwa. Mwaka wa tatu hawakuja, na tulipouliza, tuliambiwa kwa upole kwamba vijana wako kwenye mnada. Kijana aliyecheza mkulima yule sasa anaendesha bodaboda, na kila anapotupeleka kigangoni hutusalimia kwa adabu zote, "Shikamoo Padre," wala hajawahi kulitaja igizo. Nasi hatujawahi kulitaja. Jumamosi iliyopita tulikaribia, tukaishia kuzungumzia bei ya mafuta.

Kwa hiyo tumelipeleka shauri hili mbele ya halmashauri ya walei. Pendekezo letu ni kwamba mwaka huu meza ibaki ofisini. Vikundi vicheze viwili viwili kwa wakati mmoja, katika uwanja wa nyuma ya kanisa, na watu waende wanakotaka. Nyama ya dume iliwe na wote, kisha katibu wa parokia aandike majina ya watunzi na habari za maigizo yao katika daftari la kudumu. Wapo wajumbe wanaohofia vurugu, na mmoja ameuliza bila kuficha kama hatuwarudishi watu kwenye samba. Ni swali la haki, na hatuna jibu la kulimaliza. Wengine wamesema vijana hawatafanya mazoezi pasipo zawadi ya mtu mmoja. Tutapiga kura Dominika ijayo baada ya Misa ya pili.

Mfadhili aliyeahidi dume anataka kujua jina la mshindi litakalosomwa. Tumempigia simu mara mbili kumweleza, na bado hajajibu.