Mpigapicha asiye na lenzi

Katika katuni za kompyuta hakuna lenzi wala jua. Kamera ni hesabu tu za mahali ilipo na upande inakotazama. Hata hivyo Pixar, ilipotengeneza WALL-E (2008), ilimwita Roger Deakins, mpigapicha mashuhuri wa sinema, awe mshauri wake.

Sasa kazi ya kuiongoza kamera hiyo inapewa mashine, na hilo halikuanza jana. Mwaka 1996 Li-wei He, Michael Cohen na David Salesin walieleza programu iliyochagua yenyewe pa kuiweka kamera. Waliitilia kanuni za wapigapicha: watu wawili wakizungumza, onyesha uso wa mmoja kutoka begani mwa mwenzake, wala usiuvuke mstari unaowaunganisha, maana ukiuvuka mtazamaji ataona kama wamebadilishana pande. Siku hizi iko mifumo ya akili unde inayojifunza mambo hayo yenyewe kutokana na filamu zilizokwisha kupigwa.

Programu ya namna hii tuiite mpigapicha? Kitenzi piga hakina tatizo. Tunapiga simu na hatumgongi mtu. Tatizo ni kiambishi. M- ya mtendaji humtaja mtu, na kwa vifaa Kiswahili kimeshazoea ki-: kikokotoo, kichapishi, kiyoyozi. Kwa hiyo napendekeza programu hiyo iitwe kipigapicha. Jina la mpigapicha libaki kwa yule anayeamua kwa nini tuuone uso huu sasa, na ambaye tunaweza kumuuliza sababu. Wahariri wa kamusi, lipokeeni neno kipigapicha.