Ujumbe wa mazoezi: Kwa nini faida huvuta wengine na hasara hutikisa wengine

"FANYA mazoezi uimarishe moyo wako." "Usipofanya mazoezi, moyo wako utadhoofika." Kauli hizi mbili zimebeba ukweli mmoja, lakini hazimwingii msikilizaji kwa njia moja.

Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilidhihirisha jambo hilo mnamo 1981. Waliwaomba watu wachague mpango wa kupambana na maradhi ambayo yangeua watu 600. Mpango mmoja ulipoelezwa kuwa ungeokoa watu 200 kwa yakini, asilimia 72 waliuchagua. Kundi jingine lilipoelezwa kuwa chini ya mpango uo huo watu 400 wangekufa, ni asilimia 22 pekee walioukubali.

Mnamo 1997, Alexander Rothman na Peter Salovey walitumia fikra hiyo katika afya. Kwa maoni yao, kutaja faida kunafaa zaidi pale mtu anapohimizwa kujikinga, kama vile kwa mazoezi. Kutaja hasara nako kunafaa katika kuhimiza uchunguzi wa maradhi kama saratani, kwa kuwa anayekwenda kupimwa tayari ana hofu ya kupata habari mbaya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka wa 2012 uliunga mkono faida katika masuala ya kinga, ingawa tofauti yenyewe ilikuwa ndogo.

Swali gumu ni iwapo kanuni hiyo inazifaa jamii zote. Mnamo 2009, Ayse Uskul na wenzake waliwalinganisha Waingereza weupe na watu wenye asili ya Asia Mashariki kuhusu kusafisha katikati ya meno kwa uzi. Waingereza walishawishika zaidi kwa faida, ilhali wenzao walishawishika zaidi kwa hasara.

Watafiti hao hawakudai kwamba siri imo katika damu. Waliihusisha tofauti hiyo na mazoea: kuna wanaolelewa kusaka ufanisi, na kuna wanaofunzwa kwanza kuepuka kosa. Bila shaka, meno si mbio, na mtu mmoja anaweza kutofautiana kabisa na jamaa zake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima. Kulingana na makadirio yake, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho mwaka wa 2022. Kuwafikia hao kwa bango moja lililotafsiriwa tu katika lugha kadhaa ni kubahatisha.